Nimeambiwa nikatwe tonsesi nikiwa na miaka 36. Wa Mtwara na Lindi mliopitia, njooni

#1 KaraniKitangari
Wakuu, salaam. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Newala, miaka 36. Koo langu ni bovu tangu utotoni, lakini miaka ya karibuni limezidi. Homa, mitoki ya shingo inavimba, kumeza mate ni kazi. Nikimaliza dozi napumua wiki chache, halafu linarudi palepale. Daktari wa koo niliyemwona Mtwara mjini kanimulika, kapekua daftari langu, kasema hizi zitolewe tu.

Nyumbani wamegawanyika. Mama anasema tonsesi wanatolewa watoto, mtu mzima akikatwa damu haikatiki. Mjomba anasema nitapoteza sauti, na mimi ndiye ninayesoma bei siku ya mnada wa korosho. Mke wangu hana maneno mengi, ila kashaanza kuuliza nitakula nini.

Waliokatwa wakiwa watu wazima waniambie ukweli. Na swali la pili: kwa nini huku kwetu mafindofindo yanasumbua watu wazima kiasi hiki? Ofisini kwetu tu tupo kadhaa.

#2 NgokoMkavu
Nimekaa chini ya mkorosho nasubiri wajuzi.

#3 BahariaMsangamkuu
Mkuu, mimi nilikatwa nikiwa nimeshavuka thelathini. Unalazwa chali, wanakupiga nusu kaputi, ukiamka kazi imeisha. Wanapitia mdomoni, hakuna mshono shingoni wala kovu la kuonyesha watu. Jioni ile nikanywa maji, nikanywa uji, nikampigia shemeji simu kumcheka, maana yeye ndiye alinitisha.

Nilicheka mapema. Maumivu yalipanda siku zilizofuata badala ya kushuka, na kilichonishangaza ni masikio. Nikimeza tu, sikio linapigwa shoti. Nikamwambia nesi nimepata ugonjwa mwingine, akacheka mpaka akakaa. Nikamulika koo kwa tochi ya simu mbele ya kioo: pande zote mbili kuna utando mweupe unaoelekea njano, umekunjamana, na harufu yake hata mwenyewe nilijikwepa. Nikaamini ni usaha. Kumbe ndivyo kidonda cha mdomoni kinavyopona, kwa kuwa pana unyevu muda wote hakiweki gamba kavu.

Wiki mbili zilipoisha nikala wali na samaki. Tangu hapo mafua napata, lakini lile koo la kunilaza kitandani sijaliona tena. Sijutii. Ila asikudanganye mtu kwamba unatoka hospitali leo, kesho unaingia ofisini.

#4 SalfaAlfajiri
Karani, swali lako la pili jibu lake mnalo mashambani. Sasa hivi ni Juni, angalia kinachoendelea huko kwenu. Watu wanaamka alfajiri kabla upepo haujaanza, majani bado yana umande ili unga ushike, mashine inanguruma mgongoni, na salfa, ule unga wa kuzuia ugonjwa wa ukungu, inashuka juu ya mikorosho na juu ya mpuliziaji mwenyewe. Ukitoka shambani nyusi zina unga, kope zina unga, ukitema unatema njano. Hivyo mpaka Agosti, kisha tunashangaa makoo! Wengi tunajifunga kanga puani, tena kanga yenyewe ya jana haijafuliwa.

Kabla hujakatwa nyama ya mwili wako, kaa msimu mmoja mbali na salfa uone.

#5 NesiMstaafuMasasi
Pole mwanangu Karani. #3 kaeleza vizuri. Hilo la sikio lina sababu: neva inayohudumia sehemu ile ya koo ina tawi linalokwenda sikioni, kwa hiyo maumivu yanasikika pasipo na kidonda. Ni kawaida, mradi hakuna homa kali wala usaha unaotoka sikioni.

#4, salfa inakwaruza koo, inakoholesha, inawasha macho, sikatai. Lakini mafindofindo yenye homa na mitoki ni maambukizi. Mengi yanaletwa na virusi, na hayo antibayotiki haiyagusi, yanaisha yenyewe. Machache yanaletwa na bakteria, hasa strepi. Hayo ndiyo yanataka dawa, na dozi ikamilike.

Kuhusu kutoa au kutotoa, kuna kipimo ambacho madaktari wengi duniani wanakifuata: mtu awe ameugua koo kwelikweli mara 7 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Na ziwe zimeandikwa, si za kukumbuka kichwani. Ndiyo maana daktari wako alipekua daftari. Wangapi hapa wanatunza daftari la hospitali?

#6 Kangomba2
Daftari langu mke kafungia vitumbua.

#7 BintiMikindani
Mimi yangu haina homa. Mimi natoa vijiwe. Vipunje vyeupe, vingine ukubwa wa punje ya mchele, vinatoka kwenye vishimo vya tonsesi nikikohoa au nikipiga chafya. Ukikiminya kwa vidole, harufu yake mtakimbia wote humu. Nilipiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu, nikanunua kila dawa ya kusukutua, na muda wote namshuku mume wangu kwamba yeye ndiye ananuka. Je, kwa hili nalo wanakata?

#8 NesiMstaafuMasasi
Bintiyangu, hayo ni mabaki ya chakula, seli zilizokufa na bakteria, vinajikusanya kwenye vishimo na kuwa vigumu. Havina hatari. Sukutua koo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu kila baada ya kula, kunywa maji ya kutosha. Kuna wanaokatwa kwa sababu hiyo pale inapowanyima raha kabisa, ila daktari atakupima kwanza kama usumbufu unalingana na maumivu ya upasuaji. Na tafadhali usivichokoe kwa njiti ya kiberiti.

#9 BintiMikindani
Njiti nilishatumia. Asante mama.

#10 MzeeMsijute
Vijana mnazunguka mbuyu. Zamani huku kwetu koo likisumbua unapelekwa kwa fundi, anakata kimeo, unasukutua maji ya chumvi, basi. Kisu kidogo kilichopinda, mtu mmoja anakushika kichwa, mwingine miguu. Mimi nilikatwa nikiwa mdogo na leo nina wajukuu. Nusu kaputi ya nini?

#11 NesiMstaafuMasasi
Shikamoo mzee wangu. Naomba nikupinge kwa heshima. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia katikati, nyuma kabisa. Tonsesi ni mbili, zipo pembeni, kulia na kushoto. Fundi wa kijijini alikuwa anakata cha katikati, ugonjwa uko pembeni. Nimepokea wodini watoto waliokatwa kimeo wakija na damu isiyokoma, wengine pepopunda, na kisu kilekile kimepita kwenye vinywa vya watoto wangapi siku hiyo? Baada ya ukimwi kuingia hilo peke yake lilitosha kuacha.

#12 MzeeMsijute
Marahaba mwanangu. Nimekusikia. Lakini koo langu halijauma tangu siku ile.

#13 NgokoMkavu
Mzee hapo anakuonyesha wajukuu wakiwa ushahidi, nesi utashinda wapi?

#14 ChikukweMasasi
Acheni utani, nitawaeleza yaliyonipata kwa kudharau. Nilikuwa mtu wa kununua dawa duka la karibu, vidonge vinne vitano, nikipata nafuu naacha. Mara moja koo likaanza upande wa kulia pekee. Siku ya tatu mdomo haufunguki, kidole kimoja tu ndicho kinapenya katikati ya meno. Mate yananitoka, kuyameza siwezi, nimeshika kitambaa. Mke wangu anamwambia jirani: anaongea kama ana muhogo wa moto mdomoni. Kituo kimoja nikaandikiwa dawa ya malaria bila kufunguliwa mdomo.

Nilipofika hospitali kubwa daktari alitazama sekunde chache tu. Kimeo kimesukumwa kushoto, nyuma ya tonsesi ya kulia kumevimba kama nini. Jipu. Akanikalisha kwenye kiti, nimeinama mbele na beseni mapajani, akapuliza dawa ya ganzi, akavuta kwa sindano nene kisha akachana kidogo. Kilichotoka sitakiandika, watu wanakula. Lakini ndugu zangu, ile nafuu! Dakika ileile nilimeza mate yangu mwenyewe nikalia.

Walinilaza, dripu na sindano, na baadaye nikarudi kutolewa zote mbili maana jipu la aina hiyo linaweza kujirudia. Usaha ule ukiachwa unaweza kushuka shingoni au kuziba njia ya hewa. Karani, usisubiri ufike nilipofika mimi.

#15 KaraniKitangari
Asanteni nyote. #14 umenitisha lakini pia umenifungua macho. Naomba msaada kwenye mambo mawili: sauti, na mahali pa kwenda kwa watu wa Kusini bila kulazimika kwenda Dar.

#16 MuadhiniLindi
La sauti niachie mimi, naadhini na naimba kaswida. Kinachotoa sauti kiko chini, kwenye koromeo, kisu cha tonsesi hakifiki huko. Baada ya kukatwa sauti yangu ilitokea puani kwa muda, nikitamka neno refu hewa inapotea. Ikarudi. Na nilivyosikia mimi, ilirudi nyepesi zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa zangu zilikuwa kubwa zinakaribia kugusana katikati. Jirani yangu mmoja anabisha, anasema adhana ya zamani ilikuwa tamu zaidi. Ni mtu wa kubisha kila kitu, lakini siwezi kumwambia kadanganya, masikio ni yake.

Nilikaa bila kuimba zaidi ya mwezi. Usiwahi kupaza sauti, kidonda kinachimbika.

#17 Kangomba2
Mimi naogopa kuuliza lakini wengi mnataka kujua. Kijiweni Chikongola wanasema mwanaume akitolewa tonsesi na zile nguvu nyingine zinapungua. Ni kweli?

#18 BahariaMsangamkuu
#17 nilikatwa, kisha nikazaa mapacha. Uzi uendelee.

#19 NesiMstaafuMasasi
Hakuna uhusiano. Tonsesi ni sehemu ya kinga ya mwili, zinafanya kazi zaidi utotoni. Kwa mtu mzima zikitoka, kinga nyingine nyingi zinabaki: mitoki, wengu, uboho, na tezi nyingine ndogondogo hukohuko kooni na kwenye shina la ulimi.

#20 MtafitiRuangwa
Kwa wanaopenda namba. Uingereza walifanya utafiti wa watu wazima 453 wenye mafindofindo ya kujirudia, ukachapishwa mwaka 2023 kwenye jarida la Lancet. Nusu walipangiwa kukatwa mapema, nusu wakaendelea na dawa na kusubiri. Wakafuatiliwa miezi 24. Ukiwapanga kwa idadi ya siku walizoumwa koo, mtu wa katikati kwa waliopangiwa kukatwa aliumwa siku 23, kwa wa dawa siku 30. Kwa hiyo kukata kuna faida hata kwa mtu mzima.

#21 NgokoMkavu
Subiri kwanza. Siku 23 kwa 30 katika miaka miwili? Tofauti ni wiki moja! Nilazwe, nichomwe nusu kaputi, nilipie, nikae wiki mbili nakunywa uji, ili niokoe wiki moja? Mfanyabiashara wa korosho hawezi kukubali hesabu hiyo.

#22 MtafitiRuangwa
Hiyo ni ya mtu wa katikati, mkuu. Kuna wanaougua sana kuliko huyo na wao faida yao inaweza kuwa kubwa zaidi. Na hao wa kusubiri, wapo ambao walichoka wakaenda kukatwa kabla ya miezi kuisha.

#23 NgokoMkavu
Na wapo waliosubiri wakapona wenyewe. Tuko palepale.

#24 MkeWaFundi
Nitajibu la mahali, na nitaongeza ambalo hamjaligusa. Hospitali za kuulizia huku ni Ligula, ile ya Kanda pale Mitengo, Ndanda ya misheni, Nyangao, na Sokoine kwa watu wa Lindi. Kabla ya kupanda gari uliza kama daktari wa pua, koo na masikio yupo na anakuja siku gani, maana si kila siku na si kila hospitali. Muhimbili ni kwa rufaa au kwa mwenye nguvu ya kujigharamia. Kama una bima, uliza pia kama inagusa upasuaji huo, na fuata ngazi ya rufaa, vinginevyo utalipa mfukoni.

Sasa lililonipata. Mume wangu alikatwa salama, akaruhusiwa, tukarudi kijijini Tandahimba kwa kuwa mjini hatuna ndugu. Wiki ilipokwisha tukajua tumevuka. Usiku akaamka anakohoa, nawasha taa naona shuka. Damu mbichi, si ile ya michirizi kwenye mate. Bodaboda moja ndiyo iliyopatikana, tumekaa watatu, yeye katikati ameinama anatema kwenye ndoo ndogo ya rangi niliyoishika mimi nyuma, na barabara ile mnaijua. Zahanati ya kwanza hapakuwa na mtu wa zamu. Tulipofika penyewe kulikuwa kunapambazuka, wakamrudisha chumba cha upasuaji, wakachoma ule mshipa, wakamwongeza damu. Yuko hai anachonga milango.

Kwa hiyo Karani, kabla hujauliza utakula nini, uliza utalala wapi. Tafuta chumba Mtwara mjini karibu na hospitali, kaa hapo wiki mbili zote.

#25 NesiMstaafuMasasi
#24 pole sana mwanangu, na umesema jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu hawalisemi. Damu ya baada ya upasuaji huu ina nyakati zake mbili. Ya kwanza ni ndani ya saa 24, na hapo mara nyingi bado uko wodini. Ya pili ni kati ya siku ya 5 na ya 10, utando unapobanduka, na hapo wengi wako nyumbani wanajiona wazima. Watu wazima wanatoka damu zaidi ya watoto, na wanaumia zaidi. Mama yake Karani hajakosea kuogopa, kakosea kusema haikatiki. Inakatika ukiwahi.

Ikitokea: kaa wima, inama mbele, tema, usimeze, nenda hospitali hata kama imeacha yenyewe. Damu kidogo inaweza kutangulia nyingi.

Kabla ya upasuaji sema kila kitu: kama puani unatoka damu ovyo, kama kuna ndugu aliyewahi kutoka damu isiyokoma, kama una sikoseli, presha, kisukari. Aspirini acha kama daktari atakavyokuelekeza. Na dawa za maumivu alizokuandikia unywe kwa saa, usisubiri paume ndipo unywe. Wengi wanakwepa dawa, wanashindwa kumeza maji, koo linakauka, maumivu yanazidi, na wanarudi wodini kwa kupungukiwa maji tu.

Jingine kwa wote: mtu mzima mwenye tonsesi kubwa upande mmoja, haiumi, haipungui kwa wiki, au ana uvimbe shingoni, au anakonda, asiende kununua dawa. Akaonwe. Inaweza kuwa saratani, na hapo kutoa ni kwa ajili ya kupima kwanza.

#26 SalfaAlfajiri
Bi Nesi nakuheshimu, lakini hujanijibu. Kwa nini wanaanza kuugua Juni?

#27 MakondePlato
Juni ni baridi, ndugu yangu. Panda Newala alfajiri ya Juni uone ukungu, watu wanalala madirisha yamefungwa, watu wanane chumba kimoja. Mmoja akikohoa wote mnapokea. Halafu ukungu ukiisha linafuata vumbi jekundu. Salfa unaisingizia.

#28 BintiMikindani
Na sisi wa pwani tusio na baridi wala mikorosho mingi? Huku ni maji ya friji. Mtu katoka juani Shangani, jasho linamtiririka, anashushia chupa ya barafu.

#29 MuadhiniLindi
Baridi ya maji haizai kidudu, dada. Mimi nilikunywa maji baridi baada ya kukatwa kwa ushauri wa hospitali, yalinipa nafuu.

#30 MtotoWaRondo
Mmesahau mabibo. Oktoba na Novemba mtu anakula mabibo tangu asubuhi, koo lote linakwaruzwa na ule utomvu, na jioni anateremshia uraka. Muulizeni mganga yeyote wa zahanati, msimu wa mabibo makoo ni foleni.

#31 Kangomba2
Hapa kwenye uraka tuheshimiane.

#32 MtafitiRuangwa
Mimi nashuku kiungulia. Mtu anakula ugali saa nne usiku, analala hapohapo, tindikali ya tumbo inapanda inachoma koo mpaka asubuhi. Anaamka koo linawasha, sauti imekauka, anasema tonsesi. Anakunywa amoksilini kwa ugonjwa wa tumbo. Daktari mmoja alinibadilishia dawa akaniambia niinue kichwa cha kitanda, nimepata ahueni kubwa. Ila mimi sikuwa na homa, nakiri.

#33 ChikukweMasasi
Wote mnakwepa ukweli. Ni dozi nusu. Azuma tatu, umeacha. Amoksilini siku nne, umeacha, zilizobaki unampa mtoto. Strepi inataka siku 10 za vidonge vya jamii ya penisilini, au sindano moja ya ile penisilini nzito, benzathini. Nani hapa amewahi kumaliza siku 10? Na hatari yake haiishii kooni, kwa watoto na vijana inaweza kwenda kushika valvu za moyo.

#34 NesiMstaafuMasasi
#26, sina jibu moja. Yote mliyoyataja yanaweza kulichosha koo. Ninachokataa ni mtu kumwambia Karani aache ushauri wa daktari aliyemwona kwa macho, kwa sababu ya salfa. Mwanangu, uliza tu daktari: ulihesabu mara ngapi, na nikisubiri miezi sita nakosa nini?

#35 SalfaAlfajiri
Na amuulize pia amewahi kushika mashine ya kupulizia.

#36 MzeeMsijute
Mnajua rais wa kwanza wa Marekani, Washington, aliuawa na koo? Desemba 1799. Aliugua siku moja tu, madaktari wake wakamtoa damu kwa mabakuli wakidhani wanamtibu, usiku akafa. Na alikuwa na madaktari watatu!

#37 MtafitiRuangwa
Kweli mzee, ila wengi wanaosoma dalili zake siku hizi wanadhani ni uvimbe wa kile kifuniko cha njia ya hewa, sio tonsesi. Wengine wanasema ni jipu la #14. Hawajakubaliana mpaka leo.

#38 NgokoMkavu
Miaka zaidi ya 200 hawajakubaliana, na sisi tunataka tumalize kabla ya magharibi.

#39 MkeWaFundi
Turudi kwenye chakula, maana mke wa Karani kauliza la maana na mmempuuza. Kwetu kilichopita ni uji wa muhogo uliopoa, mtori, maziwa, madafu, viazi vya kupondwa. Kilichomtoa machozi ni juisi ya ukwaju, limau, embe, pilipili, na supu ya moto.

#40 BahariaMsangamkuu
Sisi tuliambiwa kinyume. Daktari alisema kula chakula cha kawaida mapema, tafuna, koo lifanye kazi, utando ubanduke taratibu. Nilikuwa natafuna mkate mkavu huku natokwa na machozi, namlaani. Lakini nilipona vizuri.

#41 MuadhiniLindi
Mimi niliambiwa laini tu mpaka wiki mbili. Mkate mkavu ningeambiwa ni sumu.

#42 NesiMstaafuMasasi
Madaktari wenyewe wanatofautiana hapo. Fuata wa aliyekukata, yeye ndiye utakayemrudia usiku. Wote wanakubaliana kwenye maji mengi.

#43 Kangomba2
Na korosho za kukaanga?

#44 MkeWaFundi
Thubutu.

#45 Kangomba2
Basi mimi siendi.

#46 MamaWawiliNachingwea
Nimesoma wote mwanzo mwisho. Mwanangu wa miaka mitano hana homa, ila anakoroma kuliko baba yake, usiku anakata pumzi kidogo halafu anashtuka, mchana anasinzia. Nimeangalia koo, tonsesi zinakaribia kugusana. Nisubiri akue?

#47 NesiMstaafuMasasi
Usisubiri. Hiyo ni sababu nyingine kabisa ya kutoa na haihesabiwi kwa idadi ya kuumwa. Mrekodi kwa simu akiwa amelala, dakika chache zinatosha, umwonyeshe daktari. Akitaka kujua zaidi atakuelekeza.

#48 MamaWawiliNachingwea
Asante sana. Kwa Nyangao, daktari wa koo anakuwepo siku gani?

#49 MtotoWaRondo
Piga mapokezi kabla hujapanda gari. Mimi nilikwenda na koo langu nikakuta ni kliniki ya macho, nikapimwa macho.

#50 NgokoMkavu
Ukapewa miwani?

#51 MtotoWaRondo
Nikapewa. Ndiyo ninayosomea uzi huu.